Flashi ya Jumamosi

Kambini, 6 Januari

Wifi yangu,

Salamu hizi zitakufikia na vumbi lake, maana huku kambini hata karatasi ya kuandikia unaipangusa kwanza. Nimefika salama. Simu inashika juu ya kilima tu, tena kwa kukatikakatika, kwa hiyo ukiwa na jambo la maana liandike umpe dereva wetu Breki. Lori lake likishashusha dukani linakuja mpaka huku, kila baada ya wiki mbili, kuwaletea magodoro wafanyakazi wa barabara. Breki husimama kusalimia kila mwenye pumzi, lakini barua hapotezi.

Najua nimekuachia mzigo. Niliahidi kuifunga ile programu ya hesabu kwa mikono yangu, mkataba ukaniita siku tano mapema. Itabidi uifunge wewe. Usiogope, katika nyumba yetu nzima wewe peke yako ndiye unayesoma maneno ya kwenye skrini kabla ya kubofya.

Elewa kwanza inavyofanya kazi. Mashine ziko tatu. Ile ya kwa Mama, chumba cha nyuma, ndiyo seva: daftari lenyewe limo humo, moja tu. Yako ya kiwandani na ya Dada Mkubwa dukani ni madirisha ya kulitazamia. Ukiandika kwamba umepakia magodoro sitini, yeye dukani anayaona saa hiyo hiyo chini ya neno "Njiani". Yakifika anahesabu, anapokea, yanaondoka Njiani. Yakipungua, yaliyopungua yanabaki pale kwa rangi nyekundu mpaka mtu aseme yako wapi. Na ukibadilisha namba yoyote, jina lako linabaki pembeni yake. Hakuna kufuta kimyakimya.

Nimeichagua kwa sababu hiyo hasa. Tangu Mama ashikwe na miguu na Dada Mkubwa akalie kiti cha dukani, kila mwezi ni vita: wewe na Kaka mnasema yametoka sitini, yeye anasema yamefika hamsini na nane. Enzi za Mama hatukusikia hata siku moja. Nitakuambia wazi kama alivyoniambia mimi: anakushuku wewe. Anaamini unawapelekea ndugu zako. Amesema mwisho wa Juni ukifika hesabu hazijakaa sawa, ama wewe utoke kwenye vitabu vya biashara, ama yeye aondoke akafungue duka lake. Mama hajui lolote na asijue. Presha yake unaijua.

Basi chomeka ile flashi ya bluu niliyokuachia. Kwa Mama, ikikuuliza data zikae wapi, chagua "Kwenye mashine hii". Kiwandani na dukani chagua "Kwenye mashine nyingine", kisha andika ile namba ndefu niliyoibandika kwa plasta juu ya mashine ya Mama. Majina ya kuingilia ni mama, kaka na dada. Lako nilisahau kulitengeneza katika pilikapilika za safari. Tumia "mgeni", programu inakuja nalo. Nitalibadilisha nikirudi.

Na seva isizimwe. Ikizimwa, wote mmelala.

Msalimie Kaka, mwambie apunguze kununa.

Wifi yako,
Kitinda


Kiwandani, 21 Januari

Wifi Kitinda,

Imekubali. Nimeanza na hilo ili upumue, kwa sababu mimi mwenyewe sijapumua tangu Jumatatu.

Kwa Mama nilifunga asubuhi. Alikaa kitandani akinitazama kama fundi bomba asiyemwamini. "Itanguruma hivyo mpaka lini?" Nikamwambia siku zote, Mama. "Siku zote ni nyingi kwa kitu kisichofanya kazi." Nilipogeuka akaifunika kwa kitambaa cha meza. Nikakitoa, nikamweleza kwamba inahitaji hewa. Nikatoka kunawa mikono, nikarudi nikakuta imefunikwa tena, na yeye anatazama dirishani, macho makavu.

Kiwandani niliiandika ile namba mara nne. Moja yako inafanana na saba, jirekebishe. Kaka yako alisimama nyuma yangu akipumua shingoni. Siku hizi hasemi. Tukifunga kazi anabaki ghalani peke yake, nikimuuliza anasema anapanga sponji. Sponji gani inapangwa kila siku?

Dukani ndiko kulikonichosha. Dada Mkubwa alinipisha kiti bila kunitazama. Mteja mmoja akamuuliza, huyu ni nani? Akasema, "Mke wa kaka." Zamani alikuwa akisema "wifi yangu", hata mbele ya watu asiowajua. Nilikosea neno la siri mara tatu.

Jana tukapakia mzigo wa kwanza. Nikaandika sitini. Yakaonekana Njiani, sitini, kama ulivyosema. Nilikaa nikiyatazama saa nzima, nainuka, nakaa, nachungulia vile vitaa vinne vya kisanduku cha mtandao kama vinawaka. Kisha sitini ikageuka ikawa mbili, nyekundu. Simu ikalia. Dada Mkubwa hakunisalimia. Alisema "Umeona?" akakata.

Sasa niambie, ile nyekundu inaondokaje? Maana nikifungua mashine ndiyo ya kwanza kunitazama. Na kila mstari ninaoandika, pembeni yake pametokea neno mgeni. Nimeolewa humu miaka kumi na mmoja. Najua ni programu tu, lakini limenichoma.

Wifi yako wa kiwandani

Leo asubuhi mashine zote mbili zimesema seva haipatikani. Nimekimbia kwa Mama. Ameizima ukutani. Anasema inakula umeme.


Kambini, 3 Februari

Wifi,

Umefanya kazi ya fundi wa miaka mitano. Nimecheka ya kitambaa cha meza mpaka karani wa huku akaja kuuliza kuna nini. Huyo karani aliona nimeandika "Kwa Wifi" juu ya bahasha akataka kujua kama nauza mtandao.

Nyekundu usiiogope, ndiyo kazi yake. Inasema jambo moja tu: yametoka kwako, hayajafika kwa Dada Mkubwa. Haisemi nani kachukua. Iacheni ikae. Baada ya mizigo mitatu minne mtaona inapungua siku gani na siku gani haipungui, na hapo mwizi atajitaja. Dada Mkubwa alishamuuliza Breki kama kuna mahali anasimama, akasema anasimama kumsalimia Mama tu. Hilo tunalijua.

Kwenye swichi ya Mama bandika karatasi: USIZIME. Mwambie nimesema mimi. Na umwache Kaka anune, alizaliwa hivyo.

Kitinda


Kiwandani, 18 Februari

Wifi Kitinda,

Huku kumetulia kabisa, usiwe na wasiwasi. Programu inafanya kazi vizuri, mimi ndiye naiangalia, Dada Mkubwa hajapiga simu ya ugomvi wiki mbili sasa. Nyekundu hakuna. Ilikuwa labda makosa ya kuhesabu ya siku ya kwanza, sisi wote tulikuwa wageni wa mambo haya.

Mvua imeanza. Watoto hawajambo. Yule mdogo ameng'oka jino la mbele anazungumza kama mzee.

Breki ananipigia honi, niishie hapa.

Wifi yako


Kambini, 3 Machi

Wifi,

Barua yako imekuja nyembamba hivyo, nikaipindua kutafuta upande wa pili.

Nimefurahi kwamba kumetulia. Nimefurahi, halafu nikapanda kilima kukupigia, ukapokea, ukasema "Mashine iko vizuri" kabla sijauliza, mtandao ukakatika. Nimeshuka na moyo mzito na sijui kwa nini. Mizigo yote kamili, baada ya mwaka mzima wa kupungua? Labda mwizi ameogopa programu. Yawezekana.

Nifanyie jambo moja. Chapisha ripoti ya mwezi kwenye mashine yako, na Dada Mkubwa achapishe yake, unitumie zote mbili. Nataka kuona kama zinatoka sawa.

Kitinda


Kiwandani, 18 Machi

Wifi Kitinda,

Ripoti hizo hapo, ya kwangu na ya dukani. Samahani karatasi ya dukani imelowa mvua kidogo pale chini nikaikata. Namba zote zinasomeka. Utaona zinafanana.

Mama hajambo, ila miguu. Amesema hiyo mashine uje uichukue.

Wifi yako


Kambini, 1 Aprili

Wifi,

Nimeweka karatasi zako mbili mezani wiki mbili, moja kando ya nyingine, na kila nikipita nazitazama. Sasa nitasema.

Mosi. Karatasi ya dukani haikulowa mvua. Imekatwa kwa mkasi, moja kwa moja, kidole kimoja kutoka chini. Pale chini programu huandika jina la seva ambayo ripoti imetoka. Yako hukuikata, ukaisahau. Imeandikwa Seva: KIWANDANI. Ilipaswa kuandikwa KWA MAMA. Kwa hiyo mashine yako umeifungulia daftari lake yenyewe, na nina hakika ya dukani nayo umeifanya hivyo hivyo. Ulipoulizwa data zikae wapi, ulichagua "Kwenye mashine hii", kote kuwili. Najua unasoma kabla ya kubofya. Hukukosea.

Pili. Ndani ya bahasha hiyo hiyo Dada Mkubwa alikunja kijikaratasi chake, nadhani hukukiona. Anasema, "Programu nzuri, tatizo ni hiyo flashi ya Jumamosi, mke wa kaka akichelewa naona namba za kiwandani za wiki iliyopita." Wifi, flashi ya nini? Programu hii haibebwi na mtu mfukoni. Wewe ndiye unayezunguka kila Jumamosi ukihamisha namba kutoka mashine moja kwenda nyingine. Umejifanya wewe ndiyo seva.

Tatu. Kwenye ripoti yako kuna magodoro kumi na moja "yaliyochanika". Kiwanda cha Mama hakijawahi kuchana magodoro kumi na moja tangu mimi nizaliwe. Dada Mkubwa anapokea pungufu, wewe unasubiri karatasi yake ya kupokelea mzigo, unashusha namba yako ifanane, halafu yaliyopotea unayaandika yamechanika.

Nilikutetea mbele ya dada yangu wa tumbo moja. Nilimwambia, yule mwanamke namjua. Nijibu jambo moja tu: ni wewe unayechukua?

Kitinda


Kambini, 15 Aprili

Wifi,

Breki amekuja mikono mitupu. Nimemuuliza kama umempa chochote, akasema ulimwangalia ukaingia ndani.

Sijamwambia Dada Mkubwa. Nasubiri. Nimeanza kuota ile rangi nyekundu.

Kitinda


Kiwandani, 29 Aprili

Wifi Kitinda,

Si mimi.

Nimeandika barua hii mara sita na zote nimezichoma jikoni. Nilikasirika kwanza, kwamba hata wewe umeniuliza. Halafu nikasema, angeniulizaje vingine wakati nimejipaka matope mwenyewe?

Nitakuambia yote. Wiki ile ya pili nyekundu ilifika tano. Siku hiyo nilikuwa nimesahau mkoba nikarudi kiwandani baada ya kufunga. Kaka yako alikuwa ghalani na daftari dogo mkononi, anagusa magodoro moja moja, midomo inacheza. Aliponiona alilitia daftari mfukoni haraka kama mtoto aliyekutwa na sukari. Nikamuuliza, akasema "Napanga." Kesho yake nikasikia anaongea na simu nje, anatembea huku na huku, "Asijue, asijue kabisa." Nani asijue kama si mimi?

Nikajua ni yeye. Nikafikiri labda ana deni, labda ana nyumba nyingine. Nikaona Dada Mkubwa akiendelea kuitazama ile nyekundu, ipo siku ataamka na kufuata mzigo mpaka aufikie mwisho, na mwisho wake ni ndugu yake. Baba wa wanangu. Nikaenda dukani nikamwambia Dada Mkubwa kuna marekebisho, nikaichomeka flashi yako, nikachagua nilichochagua. Ya kwetu vile vile. Mashine ya Mama ndiyo kabisa, tangu Februari imezimwa na juu yake kuna chungu cha ua.

Nilidhani nitafanya hivyo wiki mbili tatu, nimwonye yeye kwa upole, aache. Sikuweza kumwonya. Kila nikifungua mdomo natoa maneno ya watoto na ya mvua. Ikawa kazi. Jumatatu nasubiri karatasi, Alhamisi nashusha namba, Jumamosi nabeba flashi. Breki akipiga honi nashtuka. Simu ikilia nashtuka. Nimekonda, suruali zote za kazini nimetia pini.

Na kila ninachobadilisha, programu inaandika pembeni: mgeni, mgeni, mgeni. Siku mambo yakifichuka, hata wewe uliyenitetea utasema, si unaona, ni yule mgeni.

Yamefika kumi na tisa sasa. Juni ndiyo hiyo. Ukimwambia Dada Mkubwa, naomba useme ni mimi. Watoto wangu wana baba mmoja, na yeye ana dada wawili tu. Mimi nitarudi kwetu, nitasemwa, nitazoea.

Usinijibu kwa ukali. Nimeshajijibu mwenyewe.

Wifi yako, kama bado


Kambini, 30 Aprili

Wifi yangu,

Bado. Sana.

Nimemzuia Breki asiondoke, anakunywa chai mlangoni kwangu na ananung'unika kuhusu muda. Nilisoma barua yako nimesimama. Nilipofika kwenye "Nimeshajijibu mwenyewe" nikalia, na karani akaniona, haidhuru.

Halafu nikatoka nikamtazama Breki. Wifi, huyu mtu amebeba kila godoro na kila barua yetu. Ukiondoa lile swali la Dada Mkubwa la mwaka jana, kuna mtu amewahi kumuuliza kitu? Nikamwambia, Breki, ukisimama kumsalimia Mama, unafanya nini? Akasema, "Namwamkia." Nikasema, na baada ya kumwamkia? Akasema, "Nashusha."

Hivi hivi. Kama mtu anayekuambia saa ngapi.

Nikamuuliza unashusha nini. Akanitazama kama nimechanganyikiwa. "Magodoro ya Mama. Siku nyingine moja, siku nyingine mawili, ikizidi matatu. Siku nyingine anasema leo hapana." Tangu lini? "Tangu nianze kuendesha, wewe ulikuwa hujavaa viatu." Na kwa nini hukumwambia Dada Mkubwa alipokuuliza? "Aliniuliza nasimama wapi, nikamwambia. Mzigo ni wa Mama, nimeshusha kwa Mama. Mimi nilijua mnajua."

Nikamuuliza kama Mama humpa karatasi. Akasema siku ya kwanza kabisa Mama alimwambia, hii haiandikwi, na yeye ni dereva, si karani.

Sasa unaona kwa nini enzi za Mama hesabu zilikaa sawa. Alikuwa dukani mwenyewe, anapokea hamsini na nane, na anajua mawili yako wapi. Dada Mkubwa alipokalia kile kiti, hakuachiwa hilo. Na sisi kwa kumfichia presha yake tukamficha ugomvi wote. Yeye hajui kwamba kuna mtu anahesabu.

Anapeleka wapi, sijui. Mwenye kujibu ni yeye. Nenda kamuulize, Wifi. Usimpeleke Kaka, usimpeleke Dada Mkubwa. Nenda wewe, kwa sababu ni jina lako lililochafuka. Kuhusu Kaka na daftari lake sijui, lakini nadhani wewe ungemuuliza tangu Februari ungelala usingizi.

Presha au si presha, nenda.

Kitinda


Nyumbani, 13 Mei

Mwanangu Kitinda,

Naandika kwa mkono wangu, vumilia herufi. Mkwe wangu alikuja juzi akakaa ukingoni mwa kitanda, akaniuliza magodoro ninayoshusha huwa nayapeleka wapi. Aliuliza huku anakunja na kukunjua shuka langu, nikajua si swali la magodoro. Nikamwambia aseme yote. Amesema yote. Presha yangu iko pale pale, mwaniogopea bure.

Mwaka nilipoanza nilikuwa na cherehani moja ya kuazima na sponji ya mkopo. Wanawake saba walinishonea makava mwaka mzima bila kulipwa. Wawili walikuwa wananyonyesha. Mmoja, yule tuliyemwita Sindano, alilala sakafuni kwake na watoto wanne huku anashona magodoro ya watu. Nilimwona kwa macho yangu. Siku nilipouza mzigo wa kwanza nikawaambia, mimi nikiwa hai, nyumba zenu hakuna atakayelala chini. Wao, na watoto, na watoto wa watoto. Saba wamekuwa nyumba arobaini na tatu. Anaoa mjukuu wa mmoja, napeleka. Amezaliwa pacha kwa mwingine, napeleka.

Sikuwaambia kwa sababu nyinyi mmesoma hesabu. Niliogopa siku moja mtu atakaa chini ajumlishe, aniambie Mama, hii imetosha. Ndiyo maana sikuitaka hiyo mashine ndani. Nilisema ni umeme, si umeme. Nilihisi inanichungulia. Nilipoizima sikujua kama ndiyo ilikuwa shahidi wa mke wa mwanangu.

Hilo ndilo linaloniuma, kuliko miguu. Mtoto wa watu amebeba mzigo wangu miezi mitatu akidhani ni wa mumewe, na binti yangu niliyemzaa akamnyima jina. Jumapili nimewaita wote. Nitasema mimi.

Kwa wale saba sitaacha. Hilo ujue.

Mama yako


Kiwandani, 27 Mei

Wifi Kitinda,

Breki nimemwambia leo asubiri mpaka nimalize, na amesubiri, nadhani anaanza kuniogopa.

Jumapili aliyotuitia Mama tulikaa chumba cha nyuma, wote, juu ya kitanda na vigoda. Mama alisema kama alivyokuandikia, nyumba moja moja, bila karatasi, arobaini na tatu, mpaka na majina ya watoto. Alipomaliza hakuna aliyejumlisha.

Kaka yako alitoa lile daftari mfukoni akaliweka kitandani. Alikuwa anahesabu ghala kila jioni kwa sababu alidhani ni mimi. Ile simu alikuwa akimwambia mlinzi ahesabu lori likitoka na mimi nisijue. Yaani miezi yote hiyo yeye ananificha mimi na mimi namficha yeye, tunakula meza moja tunaongelea mvua. Nilicheka mpaka nikalia, naye akashika mkono wangu mbele ya mama yake, kitu ambacho hajafanya tangu harusi.

Dada Mkubwa alitazama sakafu. Nikasema basi, tuiwashe mashine. Nikaondoa chungu cha ua, nikafuta vumbi, ikanguruma. Mama akasema, "Ngurumo yake si kubwa kama nilivyofikiri." Tukaanza upya: kwake "Kwenye mashine hii", kwetu na dukani "Kwenye mashine nyingine", na mistari yote ya zamani nikaihamishia kwake kwa flashi. Dada Mkubwa ndiye aliyenisomea namba ya kwenye plasta. Ile moja yako aliisoma saba.

Mama ametaka mahali pake. Nimefungua mstari mpya unaoitwa Ahadi. Lori likisimama kwake, yeye mwenyewe anabofya kupokea, kwa kidole kimoja, anauma ulimi. Yale kumi na tisa tumeyatoa kwenye yaliyochanika na kuyapeleka huko, na programu imeandika kwamba yamebadilishwa, siku gani na nani. Nimeacha isomeke. Sina la kukata tena.

Ndipo Dada Mkubwa, amekaa mbele ya skrini anasoma mistari ya nyuma, akauliza, "Huyu mgeni ni nani, mbona yuko kila mahali?" Nikamwambia ni mimi. Akageuka. Alikuwa hajui, Kitinda. Kila Jumamosi nilikuwa nikimchomekea flashi, yeye anatazama namba tu. Akauliza tangu lini, nikamwambia tangu Januari. Akataka kulifuta hilo jina. Nikamweleza kwamba haliwezekani kufutwa, lililoandikwa limeandikwa, ila jina jipya linaweza kuongezwa kutoka kwenye seva. Akavuta kibodi. Akaandika maneno mawili, programu ikakataa kwa sababu ya nafasi katikati. Akayaunganisha, ikakubali. Hakunitazama bado. Alisema, "Neno la siri weka mwenyewe," akaenda jikoni kusaidia vyombo, nikamsikia anapenga kamasi kwa nguvu.

Leo tumepakia sitini. Dukani yamepokelewa hamsini na saba, kwa Mama matatu, Njiani hakuna kitu. Nimekuchapishia. Safari hii nimekutumia ukurasa mzima, mpaka kule chini kabisa, ambako pameandikwa:

Seva: KWA MAMA
Ameandika: wifiyangu